Kabla ya kulipia waya ghali wa spika: mwongozo kwa kwaya, kumbi na misikiti ya Kigoma

Kamati ya kwaya moja hapa Mwanga ilikuwa imechanga shilingi 240,000 ili inunue jozi ya nyaya za spika zenye ganda la nailoni iliyosukwa na plagi za rangi ya dhahabu, kwa sababu muuzaji mmoja alikuwa amewaambia kwamba besi yao imefifia kwa kukosa waya wa hadhi. Mama mwenyekiti aliniita kabla fedha hazijatoka, nami namshukuru kwa hilo hadi leo. Tulipoufuata waya wa zamani ukutani, tulikuta ni waya mwembamba wa redio, uliotembea mita 28 kutoka kwenye amplifaya hadi spika ya nyuma, na ulikuwa umeungwa mahali pawili kwa kusokotwa tu na kuzungushiwa utepe. Tuliuondoa, tukatandika waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme, na kabla ya alasiri besi ilikuwa imerudi, huku sehemu kubwa ya mchango ikiwa bado kwenye bahasha ya mweka hazina.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lile lile mara nyingi, Ujiji, Gungu na Mwandiga: je, waya ghali unaboresha sauti? Jibu langu ni kwamba waya usiofaa unaweza kuiharibu sauti, na waya unaofaa huiacha ipite kama ilivyotoka kwenye amplifaya. Zaidi ya hapo hauna kitu cha kuongeza, hata uuzwe kwa bei gani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutambua waya unaofaa, namna ya kuufunga, na namna ya kujithibitishia mwenyewe kwa masikio yako kabla fedha ya watu haijatumika.

Hatua ya kwanza: jua waya unaoutafuta ni wa kazi gani

Watu wengi huita kila kitu "waya wa muziki", na hapo ndipo makosa huanzia. Waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika hubeba umeme mwingi, hivyo unahitaji unene, wala hauhitaji kuzungushiwa wavu wa kinga. Waya unaotoka kwenye maiki, kinanda au simu kwenda kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, hubeba umeme mdogo sana, hivyo unene si hoja. Unachohitaji ni kinga dhidi ya kelele zinazoingia kutoka nje. Ukiutumia waya wa maiki kufungia spika, nyuzi zake nyembamba zitakula nguvu ya amplifaya, na ukiutumia waya wa spika kuungia maiki, mngurumo utaujaza ukumbi. Nimeyaona makosa yote mawili katika ukumbi mmoja, siku moja, na hakuna hata mmoja kati ya nyaya hizo uliokuwa mbovu.

Kuna kundi la tatu, nyaya za kidijitali kama HDMI na USB, ambalo halihitaji maelezo marefu. Zinapitisha tarakimu, na tarakimu zikifika salama sauti ni ile ile. Zisipofika, sauti hukatikakatika, hutoa kelele za ghafla au hunyamaza kabisa. Waya wa HDMI wa bei ya juu hauwezi kuifanya besi iwe nzito zaidi. Nunua ulio imara, wenye urefu unaokutosha, kisha uendelee na mambo mengine.

Hatua ya pili: pima umbali, soma omu, kisha chagua unene

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako kuliko zote, kwa kuwa hapa ndipo sauti nyingi za Kigoma zinapopotelea. Kila waya una ukinzani, yaani unaupinga umeme unaopita ndani yake, na ukinzani huo hupimwa kwa omu. Waya ukiwa mrefu, ukinzani huongezeka; ukiwa mnene, hupungua. Nguvu inayotoka kwenye amplifaya hugawanyika kati ya waya na spika kwa kadiri ya omu zao, hivyo kila kinachochukuliwa na waya hakifiki kwenye spika, bali huishia kuwa joto lisilomfaa mtu.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua urefu wa njia kwa mita, uzidishe kwa 2 kwa sababu umeme huenda na kurudi, uzidishe kwa 0.0172, ambayo ni tarakimu ya shaba, kisha ugawanye kwa unene wa waya kwa milimita mraba. Kwa ile kwaya ya Mwanga, waya wa milimita mraba 0.5 wenye urefu wa mita 28 ulitoa omu 1.93. Spika yao ilikuwa ya omu 8, kwa hiyo iliambulia takriban asilimia 65 tu ya nguvu ambayo ingeipata kama ingefungwa karibu na amplifaya. Tulipoweka waya wa 2.5, ukinzani ulishuka hadi omu 0.39, na nguvu inayofika ikapanda hadi takriban asilimia 91.

Nguvu sio kitu pekee kinachopotea. Spika iliyoandikwa omu 8 haibaki kwenye omu 8 kwa sauti zote. Kwa masafa fulani, yaani sauti nzito au nyembamba za kiwango fulani, hushuka, na kwa masafa mengine hupanda mara kadhaa. Waya wenye ukinzani mkubwa hupunguza baadhi ya masafa kuliko mengine, na pia huidhoofisha amplifaya isiweze kuishika vizuri besi, ndiyo maana watu husema sauti "imelegea". Wanachokisikia ni cha kweli kabisa. Wanachokosea ni kudhani kwamba dawa yake ni waya wenye jina, ilhali dawa yake ni waya mnene zaidi au njia fupi zaidi.

Kanuni ninayoifuata, na ambayo mafundi wengi wa sauti huifuata, ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8, kikomo hicho ni omu 0.4, ambayo huruhusu waya wa shaba wa 1.5 kufika mita 17 hivi, na wa 2.5 kufika mita 29. Kwa spika ya omu 4 umbali huo hupungua kwa nusu. Hapa nawasihi wanakamati wawe makini, kwa sababu kwenye kumbi zetu ni kawaida kuchukua spika ya pili na kuiunganisha nyuma ya ya kwanza, na spika mbili za omu 8 zikiunganishwa hivyo huonekana kwa amplifaya kama spika moja ya omu 4. Waya uliotosha jana, leo hautoshi. Mahali pa namna hiyo, kama umbali unakaribia mita 20, nenda kwenye waya wa 4, au, ambalo ni bora zaidi, isogeze amplifaya karibu na spika na uuache waya mwembamba wa kutoka kwenye mikisa ndio usafiri.

Vipaza sauti vya honi vilivyo juu ya mnara wa msikiti mara nyingi viko katika hali tofauti. Vingi huendeshwa na amplifaya yenye tundu la volti 70 au 100, na kila honi huwa na transfoma yake ndogo. Kwa mfumo wa volti 100, honi ya wati 50 ni sawa na omu 200, hivyo omu mbili za waya mrefu hazina athari ya kusikika. Kamati ya msikiti isikubali kuuziwa waya mnene wa bei kubwa kwa ajili ya mnara kabla fundi hajaangalia nyuma ya amplifaya na kusoma ni tundu gani linalotumika.

Hatua ya tatu: hakikisha kwamba shaba ni shaba

Siku hizi sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, na kwa macho hautofautiani na waya wa shaba tupu. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba ya unene huo huo, kwa hiyo aliyenunua 2.5 amepata kitu kinachofanya kazi kama 1.6 hivi. Tena hukatika upesi ukikunjwa mara kwa mara, na hausimami vizuri chini ya skrubu.

Omba kipande kidogo, kikwaruze kwa kisu, na uangalie rangi ya ndani: shaba ni nyekundu hadi katikati, ilhali alumini huonekana nyeupe kama sufuria. Pima pia kwa mkono, kwa kuwa shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini ya ujazo ule ule, na rola ya waya bandia hujitambulisha mara tu unapoinyanyua. Soma unene ulioandikwa kwenye ganda, lakini usiuamini bila kuuangalia waya wenyewe, maana lipo ganda nene lililoficha nyuzi chache. Kwa spika chagua waya laini wenye nyuzi nyingi. Ule wa uzi mmoja mnene unaopitishwa kwenye kuta za nyumba unapitisha sauti vilevile, ila huvunjika ukihamishwahamishwa.

Maneno "shaba isiyo na oksijeni" yasikupandishie bei. Shaba ya kawaida ya nyaya za umeme tayari ni safi mno, na tofauti ya ukinzani kati ya hizo mbili haifiki hata ile ya kuongeza nusu mita ya waya kwenye ukumbi wa mita 28. Hata fedha yenyewe, madini yanayopitisha umeme kuliko yote, inaizidi shaba kwa takriban asilimia 6 tu. Anayetaka asilimia 6 anaweza kuongeza unene wa shaba kidogo, naye ataipata kwa bei ya dukani.

Hatua ya nne: funga viungo kwa uangalifu

Waya wa bei yoyote ukifungwa ovyo hutoa sauti ovyo. Kwenye kumbi zilizo karibu na ziwa, kama Kibirizi na Katonga, unyevu hupenya kwenye plagi, na baada ya msimu mmoja wa mvua pini hupata utando mweusi au wa kijani unaozuia umeme. Ndipo sauti huanza kukwaruza, kwenda na kurudi, na ndipo mtu hutafutwa wa kuuza waya mpya. Kabla ya kumsikiliza, toa plagi zote, zisugue kwa kitambaa safi chenye spiriti, zikauke, uzirudishe. Katika ziara nyingi nilizofanya, hilo peke yake limemaliza tatizo.

Menya waya kiasi kinachohitajika tu, usokote nyuzi zote zikae pamoja, na uhakikishe hakuna uzi hata mmoja uliotoka nje na kugusa upande wa pili, kwa sababu uzi mmoja unaweza kuunguza amplifaya. Kama ni lazima kuunga njiani, lehemu kwa risasi au tumia kiungio cha skrubu. Angalia pia alama ya kujumlisha na kutoa: spika moja ikifungwa kinyume na mwenzake, besi ya zote mbili hufutana katikati ya ukumbi, na hakuna waya duniani unaoweza kuirudisha.

Plagi za dhahabu zina sababu yake, kwani dhahabu haipati kutu, na kwa mji wa kando ya ziwa hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, kazi ya dhahabu ni kulinda mahali pini zinapogusana. Katika kupitisha umeme dhahabu iko chini ya shaba, kwa hiyo anayesema kwamba imewekwa ili sauti iwe tamu anakosea.

Hatua ya tano: shughulikia mngurumo mahali unapotoka

Mngurumo mzito usiobadilika, hata mtu asipoimba, kwa kawaida hutoka kwenye umeme wa majumbani, ambao hapa kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mara nyingi chanzo ni mikisa kuchomekwa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye soketi nyingine ya mbali, kisha waya wa sauti ukaziunganisha zote mbili na kufanya duara kupitia ardhi. Chomeka vifaa vyote vya sauti kwenye soketi moja au kwenye ekstensheni moja yenye uwezo wa kutosha. Usikate kamwe waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Mngurumo utaondoka, na siku kifaa kitakapovuja umeme atakayeshika maiki ndiye atakayeumia. Nyaya za maiki zisilale sambamba na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zivukane kama njia panda.

Kwa umbali mrefu kati ya maiki na mikisa, tumia waya wa XLR, ule wenye pini tatu. Ndani yake nyaya mbili hubeba sauti ile ile, mmoja ukiwa kinyume cha mwenzake. Kelele ya nje huziingia zote mbili kwa usawa, na mikisa inapotoa moja kwa nyingine kelele hufutika, sauti ikabaki. Huu ni ufundi wenye faida kubwa kuliko ganda lolote la nailoni, na unapatikana kwenye waya wa bei ya kawaida.

Gitaa la umeme linastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hapo waya husikika kweli. Waya mrefu wa gitaa hupunguza sauti za juu, nazo nyuzi husikika kana kwamba zimefunikwa blanketi. Tiba yake ni waya mfupi zaidi, au kisanduku kidogo cha kubadilishia ishara kabla ya safari ndefu.

Hatua ya sita: jaribu bila kuona

Ikiwa baada ya haya yote bado kuna mwanakamati anayeamini kwamba waya ghali unasikika tofauti, usibishane naye. Mwombe muuzaji awaazime kwa siku moja, mkaujaribu mbele ya wote. Mahitaji ni watu watatu, pazia, multimita na sarafu.

Mtu wa kwanza hukaa nyuma ya pazia na kubadilisha nyaya. Wa pili husikiliza. Wa tatu huandika. Kwanza sawazisheni sauti. Pigeni mlio mmoja wa masafa ya takriban mizunguko 100 kwa sekunde kutoka kwenye simu, mpime volti za AC kwenye vishikio vya spika kwa kila waya, na mrekebishe hadi tofauti isizidi asilimia 1. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu majaribio mengi, kwa sababu sauti iliyo juu kidogo tu, kiasi ambacho sikio halitambui kwamba imepanda, huhukumiwa kuwa ni nzuri zaidi.

Baada ya hapo msikilizaji azisikie nyaya zote mbili wazi wazi mara kadhaa, kwa wimbo anaoufahamu vizuri, ikiwezekana rekodi ya kwaya yake mwenyewe. Kisha aliye nyuma ya pazia arushe sarafu ya shilingi 500: ukitokea upande wa nyati, afunge waya ghali, ukitokea upande wa pili, afunge wa kawaida. Azime amplifaya kila anapobadilisha, na hata sarafu ikirudia waya ule ule, autoe na kuurudisha, ili muda na vishindo vya kazi yake visimpe msikilizaji dalili. Wasizungumze. Rudieni mara 16. Mtu anayebahatisha tu hupata 8 hivi. Kufikisha 12 au zaidi kwa kubahatisha hutokea takriban mara 4 katika majaribio 100, kwa hiyo atakayefikisha 12 anastahili kusikilizwa na jaribio lirudiwe siku nyingine.

Mimi mwenyewe nilikaa mbele ya pazia hilo Ujiji, nikiwa na hakika kwamba waya wa kuazima una sauti ya juu iliyo safi zaidi, hata nikaeleza ni kwenye kipande gani cha wimbo. Nilipata 7 kati ya 16. Hakuna aliyenidanganya, macho yangu yalikuwa yameona waya mzuri, na masikio yakayafuata. Tangu hapo simdharau mtu anayesema amesikia tofauti, maana najua anasema ukweli wa alichokihisi.

Swali hili limeshawekewa hata zawadi. Mwaka 2007 James Randi wa Marekani, aliyejulikana kwa kuchunguza madai ya ajabu, alitangaza kwamba dola milioni 1 zingemwendea mtu atakayeweza kutofautisha, kwa jaribio la bila kuona, nyaya za spika za Pear Anjou zilizouzwa kwa zaidi ya dola 7,000 na nyaya nyingine za spika za kawaida zaidi. Fedha hizo hazikulipwa kwa mtu yeyote.

Madai mengine utakayoyasikia dukani

Utaambiwa waya una mwelekeo, na utaonyeshwa mshale. Umeme wa sauti huenda mbele na nyuma mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo kwenye waya wa spika mshale hauna kazi. Kwenye baadhi ya nyaya zenye kinga huonyesha tu ni upande gani kinga imeunganishwa. Utaambiwa nyaya za kushoto na kulia lazima zilingane urefu ili sauti zifike pamoja. Umeme hupita mita moja ya waya kwa sehemu ndogo mno ya milioni ya sekunde, ilhali sauti hewani huhitaji takriban sehemu 3 za elfu ya sekunde kwa mita hiyo hiyo. Msikilizaji akisogea kiti kimoja, amebadilisha zaidi ya tofauti yoyote ya waya. Utaambiwa pia waya unahitaji saa nyingi za kupigwa ndipo ulainike. Kinacholainika katika siku hizo ni sikio linalozoea.

Mahali pa kutoa fedha zaidi bila kusita

Kuna waya mmoja ambao siku zote nashauri ununuliwe wa bei ya kati au zaidi kidogo, nao ni waya wa maiki wa mwimbaji anayetembea jukwaani. Unakanyagwa, unavutwa, unakunjwa kila Jumapili, na ule wa bei ya chini kabisa hukatikia ndani ya plagi baada ya miezi michache. Ufungue kichwa cha plagi dukani: tazama kama lehemu imeshika vizuri na kama kuna kibano kinachoushika waya kwa ganda lake, ili mvuto usifike kwenye nyuzi. Hapo unalipia uimara, na uimara huonekana kwa macho.

Fedha inayobaki iende kwenye spika zenyewe, kwenye mahali zinapowekwa, na kwenye mapazia au mikeka ya kupunguza mwangwi katika kumbi zetu za saruji na bati. Ile kwaya ya Mwanga ilifanya hivyo: iliziinua spika juu ya vichwa vya waumini, ikatundika vitambaa vizito ukuta wa nyuma, na kila waya ukafungiwa kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa urefu, unene na mwezi uliofungwa, ili fundi atakayekuja baada yangu aanzie hapo.